Saa Sita za Kutoka Mumbai

Kendi na Murithi, mliniomba niwaandikie yale niliyojifunza katika miaka yangu ya kukata tiketi za ndege hapa Meru mjini, nami nimekuwa nikiahirisha tangu nirudishe funguo za ofisi. Nianze na jambo ambalo wateja hawakulijua: mimi mwenyewe nimepanda ndege mara mbili tu maishani, kwenda Mombasa na kurudi. Mara zote mbili nilitazama saa yangu badala ya dirisha. Kwenda tulikaa angani dakika hamsini na mbili, kurudi hamsini na tano.

Sitaandika habari za vyeo. Vilikuwa viwili, na cha pili kilitofautiana na cha kwanza kwa kuwa kiti chake kilikuwa na mikono. Nitaandika habari za uzi, tufe, watu wachache, na kosa moja. Kosa hilo sikulifanya juma la kwanza, ambapo mtu angenisamehe. Nililifanya katika mwaka wangu wa ishirini na sita kazini.

Nilikuja Meru kutoka Runyenjes, upande wa Embu, nikiwa nimeacha shule kidato cha pili na kusoma upigaji chapa katika darasa la kanisani. Mwenye ofisi wakati huo alikuwa Bwana Mutuma, mtu wa Muthara, ambaye alikuwa karani wa mizigo katika uwanja wa ndege Nairobi mpaka goti likamrudisha nyumbani. Hakuuliza cheti. Aliniketisha mbele ya meza yake, akavua miwani.

"Wewe ni wa wapi?"

"Runyenjes."

"Kutoka Runyenjes mpaka hapa ni mbali kiasi gani?"

"Saa mbili na nusu."

"Sikuuliza saa, Wanjira. Niliuliza umbali."

Huku kwetu hakuna anayejibu swali hilo kwa kilomita. Isiolo ni saa moja, Embu ni saa tatu kukiwa na mvua. Tunapima njia kwa muda kwa sababu njia zetu zinapanda na kushuka, na kilomita ya mlimani si ndugu ya kilomita ya mteremkoni.

"Kila atakayeingia kwa mlango huo atakuuliza saa," akasema. "Wewe ujue kilomita kwanza. Saa zitakuja zenyewe. Ukianza na saa, zitakudanganya."

Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya dunia. Akanituma nipime Nairobi mpaka Tokyo, kwa rula. Nikapima kwa makini sana, nikafanya hesabu kwa kipimo kilichoandikwa chini ya ramani, nikamletea jibu lenye desimali moja. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatoa kabatini tufe la plastiki, la rangi iliyofifia, na kipande cha uzi mweusi wa kushonea.

Hicho ndicho kilichokuwa chombo changu cha kwanza, na nawaeleza jinsi ya kukitumia, maana simu zenu zitaisha moto siku moja. Uzi ukiuzungusha kwenye ikweta ya tufe lile unapata sentimita tisini na nne. Ikweta ya dunia ni kilomita elfu arobaini. Kwa hiyo sentimita moja ya uzi ni kilomita mia nne na ishirini na tano, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Unashika ncha moja juu ya Nairobi, unavuta uzi mpaka mji unaokwenda, unaukaza, na uzi wenyewe unachagua njia iliyo fupi. Njia hiyo mara nyingi si ile uliyoitarajia. Ramani ya ukutani imetandazwa, na kitu cha mviringo hakitandazwi bila kudanganya mahali fulani. Nairobi mpaka London ni sentimita kumi na sita, yaani kilomita elfu sita na mia nane. Gawanya kwa mia nane, kwa kuwa ndege kubwa huenda kilomita mia nane na zaidi kwa saa, halafu ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Unapata saa tisa. Si jibu kamili, ila halimwachi mtu njiani.

Yale mengine nilijifundisha. Nilinunua kitabu cha jiografia kilichotumika, kikiwa kimekosa jalada, nikakisoma mara nne. Nilijifunza kwamba dunia hujizungusha nyuzi kumi na tano kwa saa, na ndiyo maana saa ya ukutani ya Mumbai iko mbele ya yetu kwa saa mbili na nusu, na ya London iko nyuma ya yetu kwa mbili au tatu kutegemea majira yao. Niliandika haya yote katika daftari, kila mji na ukurasa wake. Bwana Mutuma alilipitia daftari hilo, akasahihisha mji mmoja, akalirudisha bila neno. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Wateja wa mwanzo walikuwa mapadri, wanafunzi, na wauguzi waliopata kazi Ghuba. Mzee mmoja wa Mbeere aliyekuwa akienda kumwona bintiye Ulaya aliniuliza ndege husimama wapi watu wajisaidie. Nikamweleza kwamba choo kimo ndani. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto muongo, akamgeukia mwanawe: "Tutauliza Nairobi."

Yupo pia baba mmoja wa Timau, mfanyakazi wa shamba la maua, aliyemkatia mwanawe tiketi ya kwenda kusoma China. Alikaa na ile tiketi mkononi muda mrefu. Kwenda, kwa saa zilizoandikwa, kulionekana kuchukua karibu nusu siku zaidi ya kurudi.

"Mama Ireri," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "kwani kurudi ni mteremko?"

Nilimweleza habari za jua na saa za ukutani, akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi mara ya kwanza. Lakini swali lake nililiweka. Kila kijana aliyeajiriwa nilimwuliza: kwani kurudi ni mteremko? Nyinyi wawili niliwauliza siku yenu ya kwanza. Nikawaambia kanuni ambayo nadhani mnaikumbuka: usiwahi kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, ukasema umepata muda wa safari, kabla hujaziweka zote mbili katika saa za mji mmoja. Nilisema hivyo kwa miaka mingi, kwa sauti ya mtu ambaye jambo hilo haliwezi kumpata.

Sasa nije kwa Baba Kinya.

Baba Kinya ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, wa Laare. Mapafu yake yalikuwa yakimsumbua kwa miaka, na mwishowe madaktari wakamwambia upande mmoja unahitaji kupasuliwa, wakamwelekeza hospitali moja ya Mumbai. Mkewe, Mama Kinya, ndiye aliyekuja ofisini. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyokolea rangi ya majani, kwa sababu amefunga miraa tangu ujana wake. Kazi yake ni kuipanga vifungu, kuizungushia majani ya ndizi na kuikabidhi kwa magari kabla haijanyauka. Alikata tiketi mbili, akauliza maswali mawili yenye maana, akaenda zake.

Kwenda hakukuwa na shida. Baba Kinya alisafiri akipumua mwenyewe, akapasuliwa, akaanza kupona. Lakini daktari wa kule akasema kwa wiki kadhaa asikae angani bila mashine ya oksijeni. Mashine yenyewe ni ndogo, inabebwa begani kama mkoba, ina mrija mwembamba wa puani, na inakula betri. Betri moja hudumu saa mbili. Shirika la ndege lilikuwa na fomu yake: daktari anajaza upande wake, wakala anajaza muda wa safari, na betri ni lazima zitoshe mara moja na nusu ya muda huo. Wakala ni sisi. Wakala, siku hiyo, nilikuwa mimi.

Tiketi ya kurudi ilisema hivi: kuondoka Mumbai saa moja na dakika kumi asubuhi, kufika Nairobi saa nne na dakika hamsini asubuhi.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha saa na kimoja cha dakika. Hapo ndipo nilipoteleza, na nimefikiria sana ni kwa nini. Uzi wangu haukuwahi kunipa dakika. Uzi ungesema "saa sita na kitu", na "kitu" hakiandikwi kwenye kisanduku. Tiketi ilikuwa na dakika, safi, zimepigwa chapa. Mimi ni mtu ninayependa namba kamili. Nikatoa saa moja na dakika kumi katika saa nne na dakika hamsini, nikapata saa tatu na dakika arobaini, na nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri. Mara moja na nusu ya hiyo ni saa tano na nusu. Betri tatu ni saa sita. Nakumbuka niliridhika kwamba imebaki nusu saa ya akiba. Nikaweka sahihi, nikaituma, nikamhudumia aliyefuata.

Ofisi ilikuwa imejaa wanafunzi wiki hiyo. Sisemi hivyo kama udhuru. Ilijaa kila mwaka.

Siku moja kabla ya safari yao, saa nne asubuhi kwa saa zetu, Mama Kinya alipiga simu kutoka Mumbai.

"Mama Ireri, muga."

"Muga, Mama Kinya. Mzee anaendeleaje?"

"Anakunywa uji na kulalamikia pilipili ya huku. Mtu akianza kulalamikia chakula amepona. Sikia, hii karatasi yako inasema ndege itakaa juu masaa matatu na dakika arobaini."

"Ndiyo."

"Tukikuja tulikaa masaa mangapi? Mimi sikulala."

"Sita hivi."

"Na sasa wameisukuma Mumbai ikakaribia Isiolo?"

Nilicheka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka. Kisha nikamwambia, kwa ile sauti tunayoitumia kwa wateja, kwamba kwenda na kurudi huwa hakulingani, kwa sababu ya upepo.

"Upepo," akasema.

"Eeh. Huko juu kuna upepo mkali. Na hizo namba zimetoka kwa tiketi yenyewe. Hesabu za ndege niachie mimi, mama."

"Nimekuachia tangu mwanzo. Lakini pumzi si yako."

Yafaa mjue kwamba habari ya upepo ni kweli. Upepo hubadilisha dakika, pengine kumi, pengine ishirini. Haubadilishi saa mbili na nusu. Nilijua hivyo hata maneno yakinitoka. Nilichukua kitu cha kweli nilichojisomea mwenyewe, nikakitumia kumnyamazisha mtu aliyekuwa na haki.

Hakunyamaza.

"Wewe ulikuwa unafika Laare wakati ule wa mzigo wa miraa wa London? Kabla Waingereza hawajaipiga marufuku?"

"Hapana."

"Basi keti nikwambie. Ndege ilikuwa inatoka Nairobi saa tano usiku. Kule inafika saa kumi na moja asubuhi, saa yao. Mfungaji mgeni anahesabu kwa vidole, anasema hiyo ni masaa sita, anaweka majani ya ndizi ya masaa sita. Mzigo unafika umekauka kama ufagio, na huyo mgeni analia kwamba ameibiwa. Hakuibiwa. Miraa haijui saa ya London. Imekaa juu masaa tisa. Ukienda upande ule jua linazamia, saa ya ukutani inarudishwa nyuma, safari inaonekana fupi. Lakini jani linahesabu yote. Sisi tulikuwa tunahesabu kwa saa ya Laare tangu kukata mpaka kutafuna, na kitu hakikauki. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sasa niambie wewe uliye na kompyuta. Mapafu ya mzee wangu yanahesabu kama jani, ama yanahesabu kama tiketi?"

Nilikuwa nimesimama, na sikumbuki nilisimama lini. Kendi, wewe ulikuwa meza ya pili, ukaniuliza kama kuna mtu amefariki. Niliiona ile namba, tatu na arobaini, na nikaona namna nilivyoipata, hatua moja, hesabu ya mtoto wa darasa la nne, hesabu ile ile niliyokuwa nikiwakataza watu kwa mzaha. Nilichukua tufe, nikavuta uzi, nikapima mara tatu: sentimita kumi na nukta saba. Kilomita elfu nne na mia tano na kitu. Saa sita na kitu. Nikarudi kwa tiketi, nikaishusha saa ya Mumbai kwa mbili na nusu. Saa moja na dakika kumi ya kwao ni saa kumi na dakika arobaini alfajiri ya kwetu. Kutoka hapo mpaka saa nne na dakika hamsini ni saa sita na dakika kumi.

Mara moja na nusu ni saa tisa na robo. Betri tano. Walikuwa na tatu.

Kisha nikafanya hesabu nyingine, ambayo sikuombwa na mtu. Mashine inawashwa mgonjwa akiingia ndegeni, tuseme nusu saa kabla ya kuruka. Betri tatu ni saa sita. Kwa hiyo ya tatu inazimika dakika arobaini kabla ya kutua, mahali fulani juu ya mpaka wa Somalia, pasipo duka la betri. Wahudumu huwa na mtungi mdogo wa dharura, wa kumshikilia mtu kwa muda, na hakuna ajuaye siku hiyo nani mwingine atauhitaji. Dakika arobaini. Na karatasi iliyomruhusu kupanda ilikuwa na sahihi yangu.

"Mama Kinya," nikasema, "ni masaa sita na dakika kumi. Nimekosea. Unahitaji betri mbili zaidi, leo."

Kisha: "Ahsante. Hapa ni saa sita na nusu. Nakimbia."

Angeniita jina lolote ningelikubali.

Nilipiga simu kwa shirika la ndege, kwenye dawati linaloshughulikia wagonjwa. Akapokea msichana mwenye adabu.

"Fomu ya huyo mzee imeshapitishwa, mama. Kila kitu kiko sawa."

"Hakiko sawa. Muda wa safari si sahihi."

"Betri zinazidi muda wa safari mara moja na nusu. Nimeangalia."

"Muda wenyewe ndio si sahihi. Ndege yenu inakaa angani masaa sita."

Nikasikia akibonyeza. Akabonyeza tena. "Ai," akasema taratibu. "Na si hii ni ndege yetu wenyewe."

Hapo nilishtuka mara ya pili. Nilikuwa nimejifariji, bila kujiambia, kwamba kosa langu lingekamatwa mbele, kwamba kuna mtu mwenye mashine kubwa zaidi na elimu zaidi. Hapakuwa na mtu. Namba yangu ilikuwa imepita mikononi mwa daktari, mwa dawati, mwa mwenye duka aliyekodisha betri, na kila mmoja aliijengea hesabu yake kwa unadhifu. Aliyeipinga ni mfungaji wa miraa peke yake.

Msichana akasema fomu mpya, yenye sahihi ya daktari upya na idadi ya betri, imfikie kabla ya saa kumi jioni kwa saa zetu, la sivyo mzee hatapanda. Nikamwambia Mama Kinya. Akanipa habari kila baada ya muda, kwa maneno machache. Daktari yumo chumba cha upasuaji, anamsubiri mlangoni. Duka lina betri moja tu ya aina hiyo. Nyingine iko ghala, ng'ambo ya mji, mwenye duka anasema aje kesho.

"Umemwambiaje?"

"Nimekalia stuli yake. Nimemwambia nitashuka hapa ikifika betri."

"Amekubali?"

"Hajui Kiswahili. Lakini stuli ni moja, na yeye amesimama."

Saa tisa na dakika ishirini picha ya fomu iliingia kwenye simu yangu, imeandikwa betri tano, na sahihi ya daktari imepinda kama imeandikwa ukutani. Nilijaza kisanduku cha saa, sita. Nilijaza kisanduku cha dakika, kumi. Murithi, nilikupa uisome kwa sauti, na ukashangaa kwa nini. Saa kumi kasoro dakika kumi msichana akapiga: imepita.

Kesho yake nilikaa kwenye kiti changu chenye mikono na kuwahudumia watu ambao siwakumbuki hata mmoja. Saa nne na dakika hamsini ikafika, ikapita. Saa tano na dakika ishirini simu ikalia.

"Tumefika. Yuko kwa kiti cha magurudumu, anagombana na mwenye kukisukuma."

"Na betri?"

"Ya tatu ilizimika tukiwa juu. Nilikuwa na ya nne mkononi, nikabadilisha kabla mashine haijalia mara ya pili. Nimeandika saa kwa kiganja, maana nilijua utauliza." Nikasikia akimwambia mtu asubiri. "Saa nne na dakika nane. Mzee alikuwa amelala. Sijamwambia kitu."

Dakika arobaini na mbili kabla ya kutua. Hesabu yangu ya jana ilikuwa imekosea kwa dakika mbili.

Nilisubiri wiki tatu, apate nguvu, kisha nikaenda Laare. Sikutaka ajue kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilichukua nakala ya fomu ya kwanza, ile yenye kosa, kwa sababu maneno matupu yananirahisishia mambo. Nilimkuta Baba Kinya ameketi kwenye kibaraza, bila mrija, koti limefungwa mpaka shingoni, akipekua gazeti la wiki iliyopita. Mkewe alikuwa upande wa pili wa ua na wanawake wengine wawili, wanafunga mzigo.

Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama nilivyowaeleza nyinyi hapa. Sikumpunguzia. Nilipofika kwenye saa nne na dakika nane, betri ya tatu ilipozimika, aliweka gazeti chini.

"Kwa hivyo ningekufa usingizini," akasema.

"Sijui, mwalimu. Pengine wangekusaidia. Sijui."

"Hujui. Sawa." Alimtazama mkewe ng'ambo ya ua. "Na huyu ameniambia ndege ilikuwa ya starehe."

"Si ulilala?" Mama Kinya akajibu kutoka huko, bila kuinua kichwa. "Anayelala amestarehe."

Wale wanawake wawili wakacheka, ingawa hawakujua wanachekea nini. Baba Kinya akanyoosha mkono nimpe ile fomu. Aliisoma yote kuanzia juu, kama mwalimu anavyosoma, kidole kikifuata mistari. Chini kabisa, kwenye sehemu yetu ya wakala, kuna mistari miwili ya muhuri ambao Bwana Mutuma aliagiza ugongwe kwenye kila fomu inayotoka ofisini: mmoja wa aliyejaza na mmoja wa aliyekagua. Alitaka wawe watu wawili. Miaka ilivyopita, na mimi nikiwa ndiye mkubwa, nilikuwa nimezoea kujaza yote miwili.

"Hapa aliyejaza ni nani?"

"Mimi."

"Na hapa, aliyekagua?"

"Ni mimi, mwalimu."

Alivuta pumzi, na nikaisikia ikiingia, ndefu, yenye mluzi mdogo mwishoni. Nilitegemea aseme neno. Badala yake akaniomba kalamu. Akaiweka fomu juu ya goti, akakata jina langu kwenye mstari wa pili kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika la mkewe, majina yote matatu, kwa mwandiko wa ubaoni. Akanirudishia.

Fomu hiyo iko kwenye faili la Mumbai, droo ya pili. Msiitoe.